Futiboli ya Marekani ugenini: uwanja unajaa, ligi inafungwa

Kijana wa Goma, Bukavu au Uvira akisema anaenda kucheza futiboli, hakuna anayemuuliza ni futiboli gani. Ni mpira wa miguu, basi. Lakini kwa familia nyingi za Kongo zilizopelekwa kuishi Marekani baada ya miaka mingi ya kambi huko Uganda, Burundi, Rwanda au Tanzania, neno hilo limeanza kuleta mkanganyiko. Mtoto anatoka masomo jioni, anasema ameingia timu ya futiboli, na mama anamwona amebeba kaske kama ya motari pamoja na mabega ya plastiki. Habari inafika Kivu kwa simu, na wakubwa wa familia wanauliza: ni mpira gani huo unaohitaji kaske?

Ni mpira wenye ligi inayoingiza fedha nyingi kuliko ligi yoyote ya michezo duniani, yaani NFL. Kwa zaidi ya miaka 30 wenye ligi hiyo wamekuwa wakijaribu kuuvusha ng'ambo. Sasa wamefika Afrika pia. Mwaka 2022 walifanya kambi ya mazoezi Ghana, na mwaka uliofuata wakaja Kenya. Kwa hiyo swali ambalo zamani lilikuwa la Wazungu linaanza kutuhusu: je, futiboli ya Marekani ya kulipwa inaweza kusimama katika nchi ambamo haikuzaliwa?

Kama maonyesho ya siku moja, ndiyo, na imeshaonekana. Kama ligi inayolipa wachezaji mshahara na kupendwa na wakaaji mwaka hadi mwaka, hapana, si mahali ambapo watoto wa masomo hawajaanza kuucheza. NFL yenyewe ilijifunza hilo kwa gharama kubwa, na hiyo ndiyo sehemu ya habari inayosahaulika kila mara mgeni anapofika na mipira, fulana na kamera.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu mbili za watu 11 zinagombania mpira wenye umbo la yai. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, karibu mita 9. Ikifaulu inapata nafasi nne nyingine. Ikishindwa inauacha mpira kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani ni pointi sita. Kila baada ya sekunde chache mchezo unasimama, watu wanashauriana, wanajipanga upya. Mechi inachukua saa tatu, lakini waliokaa na saa mkononi wakapima walikuta mpira unachezwa takriban dakika 11 tu. Kwa mtu aliyezoea Mazembe na Vita Club, ambapo dakika 45 zinapita bila tangazo hata moja, hiyo ni adhabu. Kwa Mmarekani huo ndio utamu: katika kusimama kule anakula, anabishana na jirani, na televisheni inauza matangazo yake. Mchezo na televisheni vimekuzana. Mgeni anayekaa uwanjani bila mtu wa kumweleza anaona watu wakubwa wakigongana halafu wakipumzika.

Mwaka 1991 NFL ilianzisha ligi ya pembeni iliyoitwa World League. Ilikuwa na timu za Marekani, moja ya Montreal nchini Kanada, na tatu za Ulaya: London, Barcelona na Frankfurt. Mwanzo ulikuwa wa moto. Fainali ya kwanza ilichezwa uwanja wa Wembley, London Monarchs wakawapiga Barcelona Dragons 21 kwa 0 mbele ya watu zaidi ya 61,000. Aliyekuwepo siku ile angeapa kwamba Waingereza wameshaupokea mchezo.

Baada ya msimu wa 1992 ligi ikasimamishwa. Ikarudi 1995 ikiwa na timu sita, zote za Ulaya. Monarchs waliorudi hawakuwa tena wale wa Wembley. Walihama uwanja mmoja kwenda mwingine, watu wakapungua, na baada ya 1998 timu ikafutwa. Barcelona Dragons walijaribu hata kujishikiza kwa klabu kubwa ya mji na kuvaa jina la FC Barcelona, jina lilelile ambalo serikali ya Kinshasa ilifunga nalo mkataba mwaka 2025 ili neno Kongo lionekane kwenye jezi za mazoezi. Jina halikuwasaidia Dragons. Msimu wa 2003 ukawa wa mwisho. Timu ya Uskoti ikafuata mwaka 2004. Kila iliyokufa, nafasi yake ilipelekwa Ujerumani, hadi ligi iliyoitwa ya Ulaya ikawa na timu tano za Ujerumani na moja ya Amsterdam.

Tarehe 23 mwezi wa sita 2007, fainali ilichezwa Frankfurt. Hamburg Sea Devils waliwashinda wenyeji, Frankfurt Galaxy, 37 kwa 28. Walioingia uwanjani walikuwa zaidi ya 48,000, idadi ambayo ligi zetu hapa huiona kwenye ndoto. Siku sita baadaye NFL ikatangaza kwamba ligi hiyo imefungwa kabisa. Magazeti yaliandika kwamba ilikuwa ikila hasara ya takriban dola milioni 30 kila msimu.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu wengi wanafikiri mchezo hufa kwa kukosa watazamaji. Frankfurt watazamaji walikuwepo. Kilichokosekana ni mizizi. Wachezaji wengi walikuwa wa kuazima. Timu za Marekani zilituma vijana ambao hazikuwa na nafasi kwao, wacheze miezi michache ya masika, wapate uzoefu, warudi. Aliyefanya vizuri hakuonekana tena. Kurt Warner ndiye mfano unaojulikana zaidi. Alikuwa ameachwa na NFL, akafanya kazi ya usiku ya kupanga bidhaa katika duka moja la Iowa. Mwaka 1998 alicheza Amsterdam. Msimu wa 1999, akiwa na St. Louis Rams, alichaguliwa mchezaji bora wa NFL nzima na akashinda Super Bowl. Ni habari njema kwa Warner na kwa St. Louis. Kwa Amsterdam ilibaki picha tu. Kila mwaka shabiki wa Amsterdam alianza upya kujifunza majina ya watu ambao yeye mwenyewe alijua hawatakaa.

Tena shabiki hakuwa mjinga. Alijua kwamba mchezo wa kweli uko Marekani, mwezi wa tisa hadi wa pili, na kwamba hiki alicholetewa ni cha akiba. Mtu anaweza kununua nguo ya mitumba bila aibu, lakini mwuzaji asimwambie ni mpya.

Linganisha na Lubumbashi. Mwaka 2010 TP Mazembe walifika fainali ya kombe la dunia la vilabu huko Abu Dhabi, baada ya kuwatoa Internacional wa Brazili 2 kwa 0. Walipigwa na Inter Milan 3 kwa 0 kwenye fainali, lakini Kongo nzima inakumbuka golikipa Muteba Kidiaba akirukaruka kwa makalio juu ya majani. Kidiaba hakuwa wa kuazima. Alikuwa mtoto wa nchi, na mtu wa Likasi au Kolwezi angeweza kusema anamjua aliyesoma naye. Hakuna matangazo ya biashara yanayoweza kutengeneza kitu hicho ndani ya misimu miwili.

NFL ilielewa somo, ingawa ililielewa kwa upande wake. Mwaka uleule wa 2007, mwezi wa kumi, ilipeleka mechi ya kweli ya msimu London: New York Giants dhidi ya Miami Dolphins, Wembley tena. Tangu hapo haijaacha. Munich ilipata mechi yake mwezi wa kumi na moja 2022, na karibu watu 70,000 wakaimba pamoja uwanjani hadi wachezaji wenyewe wakashangaa. São Paulo ikafuata 2024. Mwaka 2025 zikaingia Dublin, Berlin na Madrid. Tiketi zinagombaniwa. Watu wanafika wamevaa jezi za timu zote, hata zisizocheza siku hiyo, kama watu waliokuja arusini bila kujua bwana arusi ni nani.

Je, huko ni kufaulu? Kwa mwenye duka, bila shaka. NFL haijengi tena nyumba ugenini, inapanga chumba kwa usiku mmoja. Inauza haki za televisheni, inauza jezi, inapanda ndege usiku uleule. Hailipi mchezaji wa Kijerumani wala haitunzi uwanja wa Madrid. Ni akili ya biashara na hakuna kosa ndani yake, mradi watu wasichanganye mambo: mji uliotembelewa na NFL haujapata futiboli ya kulipwa. Umepata mgeni.

Kuna wanaosema hatua itakayofuata ni timu kamili ya NFL yenye makao London. Jacksonville Jaguars wamekuwa wakicheza huko karibu kila mwaka tangu 2013, na maneno hayo hayaishi. Lakini safari ya ndege kutoka London hadi California inachukua takriban saa 11, na saa za huko ziko nyuma kwa saa nane. Timu moja inacheza mechi 17 kwa msimu. Wakongo hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Timu ya Goma inayotakiwa kucheza Kinshasa inapanda ndege kwa sababu barabara hakuna, na Linafoot yenyewe imewahi kugawanywa kwa kanda za mashariki na magharibi ili vilabu visifilisike kwa tiketi. Ligi inayovuka bahari kila wiki inawezekana kwa tajiri, lakini mwili wa mchezaji hauna utajiri huo.

Sasa kuna nchi moja ambako mchezo huu ulishika, na ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa makini kuliko London au Munich. Ni Japani.

Mwaka 1934 mmisionari Mmarekani aitwaye Paul Rusch, mwalimu wa chuo kikuu cha Rikkyo mjini Tokyo, aliwakusanya wanafunzi wakaanzisha ligi ya vyuo. Hakukuwa na fedha, hakukuwa na televisheni. Walikuwa walimu na wanafunzi. Vita vya pili vya dunia vikavuruga kila kitu, lakini baada ya vita vyuo vikaurudia mchezo, na tangu 1947 kuna fainali kubwa ya vyuo inayoitwa Koshien Bowl. Wanafunzi hao walipohitimu na kuajiriwa, walianzisha timu kazini. Ndiyo asili ya X-League ya leo, ambamo timu nyingi zina kampuni nyuma yake, na wachezaji wengi wanafanya kazi ya ofisini mchana, jioni wanavaa kaske. Japani ilichukua kombe la dunia la mchezo huu mwaka 1999 na 2003. Ni kweli Wamarekani hawakushiriki mara hizo. Walipokuja 2007, huko Kawasaki, walihitaji muda wa nyongeza mara mbili kuwashinda Wajapani 23 kwa 20.

Miaka mitano tu baada ya Rusch, mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliokuwa na masomo mjini Élisabethville waliunda timu ya mpira wa miguu kwa ajili ya wanafunzi wao. Timu hiyo ikawa Englebert, na Englebert ikawa Tout Puissant Mazembe. Mji wa Tokyo na mji ambao leo tunauita Lubumbashi haukujuana, lakini mbegu ilipandwa kwa njia moja: mwalimu, kiwanja, watoto, na miaka mingi bila mtu kuuliza faida. Mazembe ilitwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Ni miaka 28 tangu wale wanafunzi wa kwanza. Ligi ya NFL huko Ulaya ilipewa miaka 16, na ndani ya hiyo miwili ilikuwa ya kulala.

Hata hivyo Japani haijawa nchi ya futiboli ya kulipwa kwa maana ya NFL. Besiboli ndiyo inayotawala huko. X-League inaishi kwa sababu haikujidai kuwa kubwa kuliko ilivyo, na mchezaji wake hafi njaa ligi ikiyumba, kwa kuwa ana kazi yake. Huenda hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mchezo huu unaweza kufika nje ya kwao, na si kibaya.

Mtu atajibu: na Ujerumani je? Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Ujerumani wanajeshi Wamarekani waliokaa huko baada ya vita walicheza mbele ya wenyeji, vijana wa Kijerumani wakaanzisha ligi yao mwaka 1979, na ligi hiyo iliendelea baada ya NFL kufunga virago. Mwaka 2021 ikazaliwa ligi mpya ya Ulaya, ikarudisha majina ya zamani, Frankfurt Galaxy na Hamburg Sea Devils. Fainali yake ya kwanza ilikuwa kati ya hao hao wawili, na safari hii Galaxy wakashinda, 32 kwa 30. Miaka 14 ilikuwa imepita na watu hawakuwa wamesahau majina. Lakini angalia tofauti: ligi hiyo iliweka kikomo cha Wamarekani katika kila timu, ili wenyeji wacheze. Yaani Wajerumani walitengeneza kile ambacho NFL haikutengeneza ilipokuwa na fedha zote. Kama futiboli ya kulipwa itasimama siku moja nje ya Amerika, kuna uwezekano mkubwa ianzie hapo, na itakuwa kazi ya wale walioitunza bila mshahara tangu 1979.

Turudi nyumbani. Kambi za Ghana na Kenya hazikuja kuanzisha ligi. Zilikuja kutafuta watu. NFL ina mpango tangu 2017 wa kuchukua wanamichezo wa nchi nyingine na kuwafundisha mchezo wakiwa wakubwa tayari. Jordan Mailata wa Australia ndiye tunda lake kubwa. Alikuwa mchezaji wa raga, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani, akachaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka 2018 karibu na mwisho kabisa wa orodha. Mwezi wa pili 2025 alishinda Super Bowl. Wanaoitafuta Afrika wanatafuta Mailata mwingine: mrefu, mzito, mwepesi wa miguu.

Kongo ina jina lake katika historia hiyo. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, familia ikahamia Kanada akiwa mdogo. Mwaka 1995, akiwa chuo kikuu cha Michigan, alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, na mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchukua akiwa wa nane katika wachezaji wote wa mwaka huo. Lakini Biakabutuka aliujua mchezo Kanada. Kinshasa haikumfundisha na haikupata kitu kutokana naye zaidi ya fahari. Ndivyo ilivyo kwa vijana wetu walioko Marekani leo. Wakifika mbali, itakuwa kwa sababu masomo yao yana kiwanja, kocha na kaske.

Wapo watakaosema mpira wa kikapu ulianza vilevile, kwa kuchukua watu, na sasa una ligi Afrika. Ni kweli, na hesabu yake inafundisha. Dikembe Mutombo alichukuliwa na NBA mwaka 1991. Ligi ya Afrika inayoungwa mkono na NBA, BAL, ilianza kuchezwa Kigali mwaka 2021, miaka 30 baadaye, na Espoir Fukash ya Kongo ikaingia mwaka uliofuata. Katikati hapo Mutombo mwenyewe alirudi na fedha zake, akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Zaidi ya hayo, kikapu kilikuwa tayari hapa kabla ya NBA kuja. Parokia ilikuwa na pete mbili za chuma na sakafu ya simenti, na Mutombo aliupata mchezo kwenye viwanja vya aina hiyo.

Futiboli ya Marekani inahitaji nini? Kaske kwa kila kichwa, mabega ya plastiki, viatu, uwanja wa yadi 100 usio na mawe, na daktari pembeni. Timu moja ya NFL ina wachezaji 53. Katika kambi za Bulengo na Lushagala, kabla hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, watoto walicheza mpira wa makaratasi na kamba juu ya mawe ya volkano, katikati ya mahema. Kiwanja cha mita 100 kilipopatikana kilijaa familia kabla ya jioni. Mpira wa miguu haukushinda ulimwengu kwa uzuri wake peke yake. Ulishinda pia kwa sababu maskini anaweza kuutengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Kaske haitengenezwi kwa makaratasi.

Na kaske yenyewe haimlindi mtu vya kutosha. Maelfu ya wachezaji wastaafu waliishtaki NFL kwa madhara ya ubongo yaliyotokana na kugongwa kichwa kwa miaka, na ligi ikakubali kulipa mamia ya milioni ya dola. Hao walikuwa na madaktari bora duniani. Mahali ambapo picha ya kichwa hospitalini ni safari ya siku mbili, kuwaweka vijana wagongane vichwa ni kuwakosea.

Kuna mlango mwingine ambao haupewi sauti ya kutosha. Ni futiboli ya vitambaa: watu watano kwa watano, bila kaske, bila kuangushana. Kila mchezaji anafunga kiunoni mkanda wenye vitambaa viwili, na anayetaka kumzuia anakichomoa kitambaa. Wasichana wanacheza sawa na wavulana. Itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, timu sita za wanaume na sita za wanawake. Inahitaji mpira mmoja na vipande vya nguo, vitu ambavyo fundi yeyote wa cherehani sokoni anaweza kushona asubuhi moja. Kama NFL ina nia ya kupanda kitu Afrika, na siyo kuvuna tu, kazi iko hapo, katika masomo ya msingi, na mwalimu wa michezo alipwe kwanza kabla ya mpiga picha.

Kwa hiyo papa na mama ambao siku moja mtaletewa habari kwamba kuna watu wanapima urefu wa vijana na kuahidi Amerika, iwe mtaani au kambini, msimzuie mtoto kujaribu. Nafasi ni yake. Ila kaeni mbele mwulize. Anayekuja ametumwa na nani, na karatasi yake iko wapi? Anadai fedha? Mratibu wa kweli hamtozi kijana ada ya kupimwa. Kijana akivunjika mguu katika mazoezi, nani analipa hospitali? Masomo yake yanaendelea au yanakatwa? Tangu mwezi wa kwanza 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa na tarehe ya safari zimebaki zinasubiri. Mtu anayesema ana njia ya mkato kwa sababu ya mpira inabidi aonyeshe viza, siyo jezi. Halafu muulizeni jambo la mwisho: mkishaondoka na hao wawili, mipira hii mnabeba, au inabaki kwa hawa 40 waliosimama hapa?